Zofia wa Baridi

Bibi alisema: usipande kabla Zofia hajapita.
Tarehe kumi na tano ya mwezi wa Mei
huja na sketi yake ya jalidi
akiburuza pindo juu ya vitalu vya watu.
Mbele yake wametangulia wazee watatu,
Pankracy, Serwacy na Bonifacy,
watakatifu wenye miguu ya barafu.

Mimi nilipanda tarehe nane.
Jua lilinidanganya, nyuki wakalishuhudia,
na muuza miche pale stesheni ya Białystok,
mwenye meno mawili ya dhahabu,
akanipunguzia bei.
Asiyesikia la mkuu, basi, huvunjika shina.

Tarehe kumi na nne, saa mbili usiku, redio:
kufika alfajiri, nyuzi mbili chini ya sifuri.
Mtangazaji alisema kwa utulivu
wa mtu asiye na hata kitunguu ardhini.

Nyanya yangu yuko wodi ya nne, nyonga imevunjika.
Nyanya zangu ziko nje, ishirini na tatu,
hazijafika hata gotini.
Nikampigia. Nilitaka anigombeze.
Hakunigombeza.

"Mwagia udongo kwanza," alisema.
"Udongo ulioshiba maji hauachi joto upesi.
Kisha funika. Kitambaa kisiguse jani,
kikigusa, jani litaungua."
Litaungua, Bibi? Kwa baridi?
"Baridi na moto walinyonya ziwa moja.
Shuka la harusi liko chini kabisa sandukuni."

Nikaenda kwa baiskeli, shuka kifuani kama mtoto,
tochi mdomoni.
Mawingu yote yalikuwa yamekwenda zao.
Nyota nyingi, kali, karibu mno;
zamani ningesema usiku mzuri.
Wingu ni blanketi la ardhi,
na mtu alikuwa amelivuta.

Bwana Mroczek, dereva wa treni mstaafu,
alikuwa bustanini mwake amepiga magoti
akivisha matango mitungi ya achari, mmoja mmoja.
Hakuuliza kitu. Alinisogezea mitungi sita
na ndoo yenye tundu.
"Tundu liangalie chini kwa chini,
huko juu ndiko wanakotuibia."

Vijiti, kamba, shuka.
Boksi la viatu vya marehemu babu.
Sufuria. Kikapu. Gazeti la Jumapili
lenye picha ya waziri akicheka, nikamkunja katikati.
Mche mmoja ukabaki, pembeni, mwembamba,
ule ambao ningeung'oa wiki ijayo.
Sikuwa na kitu tena.
Nikavua kofia yangu ya sufu.

Tulikaa kwenye benchi, chai ndani ya chupa, kimya.
Saa tisa nyasi zilianza kulia chini ya kiatu,
kriki, kriki, kama mtu anatafuna sukari.
Masikio yangu sikuyasikia tena.

Jua lilitoka saa kumi na nusu, jembamba.
Bustani nzima ilikuwa na mvi.
"Usifunue," Mroczek alinishika mkono.
"Waache waamke wenyewe."

Tulipofunua, shuka lilikuwa limelegea katikati,
limelala juu ya miche mitatu.
Ilikuwa myeusi, laini, kama mchicha uliopikwa jana.
Chini ya kofia, yule mwembamba
alikuwa na tone la maji kwenye kila jani
na harufu ya nywele zangu.

"Zimepona ngapi?"
Zote, Bibi.
Nikasikia gari la dawa likipita huko wodini,
magurudumu yake, kikohozi cha mtu.
"Zofia haondoki mikono mitupu. Ngapi?"
Ishirini.
"Sawa. Na shuka?"
Limejaa matope.
"Babu yako alilimwagia mvinyo usiku ule ule wa kwanza.
Lianike."

Nikalianika kati ya miti miwili ya tofaa.
Lilikuwa gumu bado, limesimama lenyewe,
na lilipoanza kulainika lilidondosha maji
polepole, juu ya vitunguu
ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvifunika,
na ambavyo havikuwa na habari.